Kibyongo wa Penhallt

Ambrose Gittins alikuwa mtu wa miti. Sisemi hivyo kumsifu. Kuna watu wa maneno, kuna watu wa tumbo, na yeye alikuwa wa miti, basi. Ungemkuta asubuhi katika msitu wa Penhallt, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, mbwa wake miguuni, akiueleza mwaloni fulani kwa nini mwaka huu utabaki, na kwa nini jirani yake ndiye atakayeondoka ili wenyewe upate jua. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba. Lakini mlete mwanamke mbele yake, hata mama wa duka la posta aliyemjua tangu utotoni, ulimi ungemkauka na masikio yakaiva mekundu.

Dada yake Olive aliishi naye katika nyumba ya mawe kwenye lango la msitu. Huyo alijaliwa maneno ya kuwatosha wote wawili, na alimwita kaka yake Domo Zege mbele ya wageni bila kupepesa macho.

"Huyu kaka yangu," angesema huku akimimina chai, "angekuwa anawabembeleza wanawake kama anavyoibembeleza miti, leo ningekuwa na mawifi wa kujaza kanisa."

Ambrose alicheka tu. Alikuwa amepita miaka sitini, hajaoa, na hakulalamika. Msitu ulikuwa mali ya kijiji cha Aylcombe, na kijiji kilimwachia autunze kama alivyoutunza baba yake. Kazi hiyo si ya kukata, ingawa watu hudhani hivyo. Ni ya kuchagua. Mwaloni mzee wenye mapango hakuugusa, maana ndani yake mna bundi na popo na wadudu wasiojulikana na mtu. Mti wenye mbegu nzuri aliuacha uzae kwanza. Uliokuwa ukiwabana wenzake na kuwanyima mwanga, huo ndio aliouchora kwa rangi ya chungwa, nao aliuangusha majira ya baridi, majani yakiwa chini na ndege hawana mayai. Kisha alirudi kwenye ule uwazi, akaizungushia uzio wa fito miche iliyojiotea, kulungu wasije wakaila. Miche hiyo hataiona ikiwa miti, wala hilo halikumkosesha usingizi. Miti aliyokuwa akiiangusha yeye, nayo ilitunzwa na watu ambao hawakumjua.

Basi siku moja, miaka mingi nyuma, akaja Nesta Probert.

Nesta alikuwa fundi wa majengo ya mwaloni. Mjane mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, mikono imepauka kwa maji ya mwaloni mbichi, kucha nyeusi kama amemenya ndizi mbichi. Yeye na mafundi wake waliunga nyumba na maghala bila msumari hata mmoja, ulimi wa boriti ukiingia katika tundu la nguzo, kigingi cha mti kikipita katikati kuvishikilia. Alikuwa anatafuta kipande cha kukazia kona. Akapita na Ambrose chini ya miti, akiongea peke yake kwa niaba ya wote wawili, mpaka alipofika ukingoni mwa kijito, akanyamaza ghafla.

Pale ulisimama mwaloni uliopinda. Ulianza wima, kisha kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, ukageuka mahali pamoja tu, ukaendelea juu kwa kuinama. Wanakijiji waliuita Kibyongo, na walimwongelea kama mtu. Watoto walimpanda mgongoni. Wanunuzi wa mbao walimpita bila kumtazama.

Nesta alimzunguka mara moja. Akamzunguka tena. Akaweka kiganja kwenye gome, akafumba macho.

"Huyu ndiye," alisema. "Ila leo simkati. Huyu anangojea jengo lake."

Ni vizuri nieleze, maana si kila mtu anajua. Mti ulionyooka unapatikana, msitu umejaa. Lakini mti uliopinda vizuri, mahali pamoja, kwa kimo kinachofaa, ni bahati. Ukiupasua kwa urefu wake unapata nguzo pacha zenye pindo moja. Unazifungua kama kitabu, unazisimamisha zikitazamana, vichwa vinakutana juu, na paa zima linakaa juu yao. Katikati ya ukumbi hapabaki nguzo ya kumgonga mtu. Mapacha hao lazima watoke kwenye mti mmoja. Ukichanganya miti miwili, mmoja utakauka kwa njia yake na mwingine kwa yake, na paa litakaa upande.

Tangu siku hiyo Nesta akawa anakuja. Alhamisi mchana, mara nyingine kila juma, mara nyingine mwezi ukapita, lakini daima Alhamisi, na daima na bati la keki ya matofaa chini ya kwapa.

"Nimekuja kumwona mchumba wangu," angesema langoni.

"Yupo," Ambrose angejibu.

Na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake yote. Baada ya hapo wangekaa kwenye gogo mbele ya Kibyongo, wanakula keki, wanakunywa chai ya chupa, Nesta akisimulia habari za maghala na wateja na magoti yake, na Ambrose akiitikia kwa kichwa. Olive ndiye aliyegundua kwamba kaka yake alikuwa na shati moja lisilovaliwa siku nyingine yoyote. Alilipiga pasi bila kusema neno, jambo ambalo kwa Olive lilikuwa muujiza. Miaka ikaenda hivyo. Ambrose hakuomba zaidi. Mti ulikuwa umesimama, na maadamu umesimama, Alhamisi itakuja.

Kisha ukumbi wa kijiji ukaanguka.

Ulikuwa wa mabati, uliachwa na wanajeshi enzi za vita, na kila mwenye umri Aylcombe alikuwa amecheza dansi yake ya kwanza humo, au amepigwa ngumi yake ya kwanza. Theluji nzito ilikuja mwezi wa pili, paa likalala chini taratibu kama mtu aliyechoka, bila kumwumiza yeyote. Kijiji kikakutana kanisani. Mmoja akasema wajenge kwa chuma. Mwingine akasema kuna mwaloni unaokuja kwa meli, umekaushwa kwenye matanuri, umenyooka kama rula.

Nesta akasimama.

"Huo mwaloni wa kwenye meli umesafiri kuliko mimi," alisema, watu wakacheka. "Na mkavu wa tanuri ni mgumu kama chuma, utanimaliza patasi zote. Sisi kazi yetu ni mti mbichi. Samaki mkunje angali mbichi. Ukiungwa mbichi, ukikauka unajikaza wenyewe, unashikana kuliko ndoa za humu ndani. Tazameni juu ya vichwa vyenu! Hizo boriti za kanisa zimetoka wapi? Penhallt. Na Penhallt bado ipo, naiona kutoka mlangoni. Nawajengea ukumbi, na kila kipande kitatoka pale. Nawaapia."

Wakapiga makofi. Kila mtu alifurahi isipokuwa mmoja, aliyekuwa ameketi benchi la nyuma kabisa na kofia mapajani, kwa sababu alikuwa ameshapiga hesabu.

Vuli ilipoingia wakaenda kuchagua, Nesta na Ambrose, na ndizo zilikuwa siku nzuri kuliko zote. Alhamisi ikawa kila siku! Nesta alitaja kinachotakiwa, Ambrose akampeleka kwenye mti unaokitoa. Boriti ndefu? Huyu hapa, anamziba mwenzake. Vipande vifupi vya kona? Tawi la yule, tusiangushe mti mzima kwa ajili ya kipande cha kona. Pale Nesta alipotamani mwaloni mmoja mnene wa kupendeza, Ambrose alitikisa kichwa, akamwonyesha tundu la kigogota.

"Kuna wenyewe humo," alisema. Maneno matatu mfululizo! Nesta akamtazama kama aliyesikia jiwe likiimba.

Rangi ya chungwa ikaendelea kutoka mti hadi mti, mpaka wakafika ukingoni mwa kijito. Nesta aliweka kiganja mahali pake pa siku zote.

"Haya, mchumba," alisema kwa upole. "Jengo lako limekuja."

Na kwa kweli wakati wake ulikuwa umefika. Kibyongo alikuwa ametanda juu ya miche mingi ya mialoni iliyokuwa ikidumaa chini yake. Kumwondoa kungeipa uhai. Hana pango, hana bundi, mbegu amemwaga za kutosha. Kama angekuwa mti mwingine wowote, Ambrose angemchora miaka mitano nyuma. Alijua hivyo. Akashika kopo la rangi, mkono ukagoma.

"Huyu hafai," alisema.

"Nini?"

"Ana ufa. Ndani. Wa kuzunguka." Akamwonyesha kovu la zamani kwenye gome, lililoachwa na baridi kali, ambalo halikuwa na maana yoyote. "Utampasua, atamwagika kama maganda ya kitunguu."

Mti uliosimama hautoi siri zake. Fundi hawezi kuona ndani. Anaamini neno la mtunza msitu, na mtunza msitu hasemi uongo juu ya mti, kama vile daktari hasemi uongo juu ya maiti. Nesta hakuuliza hata swali moja. Uso wake ulishuka, akalisugua lile gome kwa kidole gumba.

"Masikini," alisema, akimwambia mti. "Hukunambia kama unaumwa."

Wakarudi bila kula keki.

Sasa jionee werevu wa mwanamume. Alidanganya ili mti ubaki, ili mwanamke aendelee kuja kuuona mti. Lakini nani huja kila Alhamisi kumwona mchumba mgonjwa asiyetarajiwa kuoa? Juma likapita. La pili likapita. Shati la pasi lilivaliwa bure, mbwa akalala langoni akitazama barabara. Wakataji walikuja, miti iliyochorwa ikaanguka na kuvutwa hadi uwanja wa Nesta kule Aylcombe, naye Nesta akawa huko anachonga mchana kutwa. Kibyongo alibaki amesimama peke yake kwenye baridi, na Ambrose akawa hataki hata kumtazama.

Nesta alikuja mara moja tu. Hakuleta bati.

"Nimepata mti," alisema akiwa bado kwenye gari, injini inanguruma. "Kwa Bwana Lacon, ng'ambo ya mto. Amepinda, si kama Kibyongo, lakini atafaa."

"Ahaa," Ambrose alisema.

"Shida ana shimo juu, na bundi wake. Mzee sana, kwa kweli angeachwa. Na nimewaapia watu Penhallt, sasa watanila nyama kwa ndimi zao. Lakini nifanyeje? Ukumbi haukai juu ya kiapo." Akafuta kioo kwa mkono wa sweta. "Jumatatu tunamwangusha. Roho inaniuma, Bwana Gittins, sikufichi. Nimekuja kukwambia wewe kwa sababu wewe utanielewa."

Akaondoka. Ambrose alisimama langoni mpaka mbwa akamsukuma kwa pua.

Olive alikuwa dirishani, na Olive hakuwa mjinga.

"Kibyongo hana ufa," alisema kaka yake alipoingia.

Ambrose alivua kofia.

"Umemsingizia mti ugonjwa! Wewe, mtoto wa Joshua Gittins! Baba angekuwa hai angekupiga kwa mpini wa shoka."

"Najua."

"Na sasa bundi wa watu atahamishwa, kwa sababu wewe huwezi kusema neno moja kwa mwanamke ambaye amekula keki na wewe mpaka meno yake yamechakaa. Njia ya mwongo ni fupi, kaka, na yako imefika ukutani. Kesho unakwenda kwake."

"Nitasema nini?"

"Sema ukweli. Hata ukiwa mfupi, utakutosha."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Uwanja wa Nesta ulikuwa na magogo kila upande, na katikati, juu ya vitalu, ukuta mzima wa ukumbi ulikuwa umelazwa chini, umeungwa kwa majaribio, kila kiungo kimechongwa alama ya patasi ili siku ya kusimamisha kila ulimi ujue tundu lake. Mafundi walikuwa wanakunywa chai. Reg Tudge, mpasuaji mwenye msumeno mkubwa wa kukokotwa na gari, ndiye aliyemwona kwanza.

"He! Ambrose kavaa tai! Nani kafa?"

Wakacheka. Nesta akainua kichwa, patasi mkononi. Ambrose alivuka maganda ya mbao mpaka akasimama mbele yake, akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Kibyongo mzima," alisema. "Nilisema uongo."

Kicheko kikakatika. Hata Reg aliweka kikombe chini. Nesta akaichomeka patasi kwenye gogo.

"Rudia."

"Hana ufa. Hajawahi kuwa na ufa."

"Miaka yote hii," Nesta alisema, na sauti haikuwa ya kuita ng'ombe tena, "ukisema mzima, natoboa. Ukisema mgonjwa, naacha. Sijawahi kukuuliza mara mbili. Kuna watoto wamelala chini ya paa zilizokaa juu ya neno lako, Ambrose Gittins! Kwa nini?"

Ndiyo mara ya kwanza alimwita kwa jina lake. Ambrose akafungua kinywa. Kikabaki wazi. Akakifunga.

"Domo zege," Reg alinong'ona, kwa huruma kabisa.

"Mpigieni simu Lacon," Nesta alisema bila kumwondolea Ambrose macho. "Bundi abaki na nyumba yake. Jumatatu tunakwenda Penhallt. Na wewe utakuwepo, usimame pale pale msumeno unapopita. Kama ana ufa nitakuzika humo ndani."

Jumatatu ilipambazuka na umande mweupe mgumu, jua limetoka, kijito kinavuta mvuke. Habari zilikuwa zimesambaa, maana Olive alikuwa na simu. Nusu ya kijiji walikuja na chupa za chai na sharubati ya matofaa iliyochacha, saa tatu asubuhi, bila aibu. Ambrose alimwangusha Kibyongo mwenyewe. Alimlaza kwenye uwazi bila kuvunja mche hata mmoja, na watu wakashusha pumzi kwa pamoja. Kisha magogo ya kuviringishia, mitaimbo, kamba, kila mtu akisukuma na kila mtu akitoa amri, mpaka akapanda kwenye kitanda cha msumeno. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na siku ile nyenzo zilikuwa watu wenyewe.

Reg akawasha. Msumeno ukaingia kwenye kisigino cha mti, ukapanda polepole, ukafuata pindo. Nesta alitembea sambamba nao, uso mweupe. Ambrose alitembea upande wa pili. Ulipotoka kwenye ncha, Reg alizima, na wanaume wanne wakashika nusu ya juu, wakaifungua.

Ndani palikuwa na rangi ya asali. Hapakuwa na ufa wala doa, mistari imepinda pamoja na pindo kuanzia chini hadi juu, na harufu ikatoka, ile harufu chachu ya mwaloni mbichi inayokata pua kama divai mpya. Mapacha walilala wazi kwenye jua. Watu walipiga kelele za furaha. Mtu alimkumbatia Reg. Nesta alipiga magoti, yale magoti yake mabovu, akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao yenye maji, na machozi yakamtoka waziwazi.

Kisha akainuka. Akamgeukia Ambrose.

"Haya. Nakuuliza mara ya mwisho. Mti mzuri namna hii! Kwa nini?"

Olive aliuma kitambaa chake. Ambrose alikuwa mwekundu kuanzia shingoni, na kofia aliizungusha mkononi mpaka nusura ing'oke ukingo.

"Akienda Kibyongo," alisema, "wewe utakuja kumwona nani?"

Reg Tudge aligundua ghafla kwamba msumeno wake unahitaji mafuta. Nesta alifungua kinywa, kikabaki wazi, akakifunga. Masikio yake nayo yakaiva.

"Shika upande huo," alisema baadaye. "Tupakie."

Hakusema zaidi. Wala majira yote ya baridi hakusema zaidi. Ambrose alisubiri, kwa kuwa kusubiri ndiyo kazi aliyokuwa anaijua, lakini nisiwadanganye, ilikuwa subira chungu.

Mwezi wa tano, maua ya buluu yamefunika sakafu ya Penhallt, ukumbi ukasimamishwa. Kijiji kizima kilikuwa kwenye kamba. Mapacha wa Kibyongo waliinuka kutoka chini taratibu, wakatazamana, vichwa vyao vikakutana juu angani na kugusana bila nafasi ya kupitisha ukucha, na mzee mmoja akasema kwa sauti kuwa sasa anaweza kufa, mkewe akamwambia asubiri chakula kwanza. Boriti zikafuata, kila alama na mwenzake. Saa kumi jioni kilibaki kigingi kimoja, cha mwisho, na desturi ya mafundi wa huko ni kwamba hicho hupigwa na mtu aliyetoa miti.

Nesta alimpa Ambrose nyundo ya mti. Tundu la kigingi kwenye ulimi na lile la kwenye nguzo hutobolewa yakiwa yamepishana kidogo, kwa makusudi, ili kigingi kikipita kivute vyote viwili pamoja. Ambrose alipiga kwa woga.

"Piga, bwana!" Nesta alifoka kutoka chini ya ngazi. "Hakiumwi! Au nacho unataka kukisingizia ugonjwa?"

Kijiji kizima kikaangua kicheko, na Ambrose naye akacheka, akapiga mpaka kigingi kikaingia na kiungo kikalia. Wakafunga tawi bichi la mwaloni juu kabisa ya paa. Pakaliwa nyama ya nguruwe, mikate, jibini, keki za kila namna. Fidla ikaanza. Olive alicheza na Reg Tudge kwa namna iliyozua maneno ambayo hadi leo hayajaisha. Nesta alicheza na wote, na Ambrose alikaa chini ya pacha wa kushoto, mgongo umeegemea mbao, akiwatazama watu wakizunguka sakafu nzima bila kugonga nguzo.

Alikuwa na furaha. Na alikuwa na huzuni. Jengo limekwisha, mti umekwisha, naye hakuona sababu nyingine.

Alhamisi iliyofuata alivaa lile shati. Alijiona mpumbavu, akalivua. Akajiona mpumbavu zaidi, akalivaa tena. Akaenda ukingoni mwa kijito. Mahali pa Kibyongo palikuwa na mwanga mwingi kiasi cha kukunja uso, na kisiki kipana katikati, na kukizunguka miche ya mialoni imechipua majani mapya mekundu, kama inayoshangaa kuona jua. Akaketi kwenye kisiki. Mbwa ndiye aliyeinua masikio kwanza.

Nesta alikuja kwa miguu, anahema, bati chini ya kwapa. Hakumsalimu. Aliweka bati kwenye kisiki, akaanza kupita kati ya miche, akiinama, akiguna, akipita mmoja, akirudi, mpaka akasimama kwenye kimche kimoja chembamba kama kalamu. Akakizunguka. Akakizunguka tena. Akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Huyu ndiye," alisema.

Ambrose alikiangalia.

"Amepinda."

"Sasa wewe ulifikiri natafuta nini, fimbo? Mapacha wa ukumbi ujao ndio hawa."

"Nesta," alisema, na jina likamtoka bila kugonga meno. "Atachukua miaka mia na hamsini."

"Hesabu naijua, hukunifundisha wewe. Kulungu hao hapo, na magugu. Lazima mtu awe anakuja kumwangalia."

Upepo ukapita juu ya majani mekundu. Ambrose Gittins alimtazama usoni, na Domo Zege wa Penhallt akafungua kinywa, kikatoka kitu.

"Alhamisi tu?" aliuliza.

Nesta alimtazama kutoka kofia hadi viatu. Kisha akacheka, kicheko cha kuita ng'ombe, kikavuka kijito na kurudi.

"Mtoto mdogo huyu, Ambrose. Wa kuangaliwa kila siku. Sogea nikae."

Ambrose akasogea, na kisiki kikawatosha wote wawili.